Kampuni ya Mafunzo Ikiuzwa, Tumaini la Mwanzilishi Hushikwa na Nini?

Kampuni inayofundisha watu kazini inaponunuliwa na kampuni kubwa zaidi, mwanzilishi wake hutoa taarifa, na taarifa hizo hufanana. Huwashukuru wafanyakazi na wateja wa mwanzo. Husema lengo ni lilelile. Husema mnunuzi ana mtaji, ana mitambo bora na ana wateja katika nchi nyingi, kwa hivyo pale walipofundishwa watu elfu moja sasa watafundishwa laki moja. Sidhani waanzilishi hao hudanganya. Mtu aliyetumia miaka ya ujana wake kujenga kampuni ya kuwafunza wengine hufika kwenye meza ya mauzo akiwa na tumaini la kweli. Ninachotaka kuchambua ni kile kinacholishikilia tumaini hilo baada ya saini kuwekwa.

Nitauliza swali hilo nikiangalia kutoka mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, na nina sababu. Mitaa hii imeona mafunzo ya kazi ya kila namna. Tunapanda Institute imekuwa ikiwafundisha vijana wa Kibera teknolojia, usanifu na biashara katika kozi za miezi mitatu. LivelyHoods ilianzia Kawangware mwaka 2011, ikiwafunza vijana na akina mama kuuza majiko yanayookoa makaa na taa za sola, nyumba hadi nyumba. Kampuni za kimataifa za data zimetafuta waajiriwa huku. Lakini pia hapa ndipo anapoishi mwanafunzi ambaye ni ghali kumfikia na ambaye mwenyewe hana cha kulipa. Mmiliki mpya anapoanza kupunguza gharama, yeye ndiye huangaliwa kwanza.

Tuanze na namna mtu wa huku anavyojifunza kazi. Shuka kwenye matatu pale Adams Arcade, utembee kufuata Ngong Road kuelekea Dagoretti Corner. Vitanda, makochi na kabati zimepangwa hadi ukingoni mwa lami. Nyuma yake, chini ya turubai, kijana ameshika ncha ya ubao huku fundi akipitisha randa. Fundi hasemi mengi. Kijana anautazama mkono, anasikiliza jinsi sauti ya randa inavyobadilika ikigonga fundo la mti, na baada ya wiki kadhaa anakabidhiwa kipande cha bei rahisi ajaribu mwenyewe. Wapo wanaomlipa fundi ada ya kufundishwa, na wapo wanaofanya kazi kwa pesa ya chakula na nauli mpaka mkono ukomae. Msomi Kenneth King aliwachunguza mafundi wa Kenya wa aina hii akaandika kitabu The African Artisan mwaka 1977, na mfumo aliouona bado ndio shule kubwa ya ufundi nchini. Kwa hesabu za Shirika la Takwimu la Kenya, ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya wafanyakazi 8 katika kila 10 wako katika sekta ya jua kali.

Kampuni ya mafunzo kazini haimuuzii fundi huyo chochote. Humuuzia mwajiri aliyesajiliwa: kampuni ya ulinzi, hoteli, supamaketi, kampuni ya usafi. Mwanafunzi wake ni bawabu anayetoka Kawangware alfajiri kwenda kulinda lango Lavington, au dada wa Kibera anayepiga deki hospitalini. Somo linakuja kwenye simu, la dakika chache, likiwa na maswali mafupi mwishoni. Alama zinakwenda kwa meneja. Bawabu anajua somo lilikuwa juu ya kuzima moto au kuandika taarifa ya tukio. Bei yake na nani aliyelilipia hajui.

Na bei hiyo ndiyo kiini cha mambo. Mwaka 1964 mwanauchumi Gary Becker, katika kitabu Human Capital, alitenganisha ujuzi wa aina mbili. Kuna ujuzi unaofaa katika kampuni moja tu, kama vile kujua mtambo wa kampuni hiyo au taratibu zake za kuandika ripoti. Na kuna ujuzi ambao mtu akishaupata anaweza kuubeba popote: kuandika barua, kutumia kompyuta, kusoma ramani ya umeme wa nyumba, kuongea na mteja kwa Kiingereza. Mwajiri hulipia aina ya kwanza kwa moyo mkunjufu. Aina ya pili huiogopa, maana akimfundisha mtu leo, kesho jirani anaweza kumchukua kwa kumwongezea mshahara kidogo. Hitimisho la Becker lilikuwa kwamba gharama ya ujuzi wa kubebeka humwangukia mwanafunzi mwenyewe, kwa kukubali mshahara mdogo wakati anajifunza.

Jaribu kuliweka hilo Kawangware. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na si wote waliokipata. Akitoa kodi ya chumba, maji ya mtungi, nauli na karo, hana mahali pa kupunguza ili ajifunze. Kwa hivyo ujuzi anaouhitaji zaidi, ule utakaomtoa kwenye lango na kumpeleka ofisini, ndio usio na mlipaji. Serikali ina njia yake: Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoza waajiri shilingi 50 kwa kila mwajiriwa kila mwezi, kisha humrudishia mwajiri sehemu ya gharama akiwafunza watu wake kwa wakufunzi walioidhinishwa. Ni mpango mzuri kwa aliye kwenye orodha ya mishahara. Kijana wa chini ya turubai hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Hapa ndipo mwanzilishi mwenye nia hupata nafasi yake, na ndipo pia hatari yake inapoanzia. Yeye huchukua pesa za mwajiri kwa ajili ya ujuzi wa aina ya kwanza, kisha kwa werevu na ukaidi huingiza ndani yake ujuzi wa aina ya pili. Somo la usalama kazini linakuwa pia somo la kusoma. Somo la kuandika ripoti linakuwa somo la kompyuta. Mteja mkubwa wa Westlands hulipa zaidi kidogo, na hicho kidogo humgharimia kijana wa Gatwekera, Kibera, asiye na mwajiri. Huu ni uamuzi wa mtu mmoja au wawili wanaokubali faida ipungue ili jambo fulani litendeke, na mara nyingi hauandikwi popote. Unaishi kwenye kichwa cha mwanzilishi na katika mazoea ya ofisi.

Mnunuzi hanunui mazoea. Hununua orodha ya wateja wanaolipa kila mwezi, hununua masomo yaliyokwisha kutengenezwa, hununua mtambo, na wakati mwingine hununua wafanyakazi. Pia huwa na hesabu zake nyuma. Kama pesa zake zimetoka kwenye mfuko wa uwekezaji, mfuko huo kwa kawaida una umri wa miaka kama 10, na ukikaribia mwisho lazima wenye pesa warudishiwe na faida. Kama amekopa ili anunue, riba inahesabiwa kila mwezi. Mwanzilishi naye hulipwa kwa mafungu: sehemu siku ya saini, na sehemu baadaye ikiwa mapato yamefika kiwango walichokubaliana. Zingatia hilo fungu la pili. Mtu yuleyule aliyekuwa akikubali faida ipungue kwa ajili ya kijana wa Gatwekera sasa anaadhibiwa mfukoni kila anapofanya hivyo. Hakuna aliyemwambia aache. Mkataba wenyewe umemgeuza mwelekeo.

Mifano ya nje inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Lynda Weinman na mumewe Bruce Heavin walianzisha Lynda.com mwaka 1995 huko California, wakafundisha watu programu za kompyuta kwa video. Mwaka 2015 LinkedIn ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.5, mwaka uliofuata LinkedIn yenyewe ikanunuliwa na Microsoft. Maktaba nyingi za umma Marekani zilikuwa zimelipia masomo hayo ili mtu yeyote mwenye kadi ya maktaba asome bure. Mwaka 2019 mmiliki mpya alitaka kila msomaji wa maktaba afungue kwanza akaunti ya LinkedIn yenye jina lake. Chama cha Maktaba cha Marekani kilipinga hadharani, maktaba kadhaa zikakataa kuendelea, na hatimaye kampuni ikakubali watu waingie kwa kadi ya maktaba pekee. Kilichowaokoa wasomaji wale ni kwamba walikuwa na chama kilichopangika, chenye sauti na chenye mikataba. Mwanafunzi wa Kibera anayesomea kwenye simu ya kuazima hana chama cha namna hiyo.

Cape Town kuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Ndugu wawili, Sam na Rob Paddock, walianzisha GetSmarter mwaka 2008, wakiuza kozi fupi za mtandaoni kwa watu walio kazini, kwa kushirikiana na vyuo vikuu. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani ya 2U iliinunua kwa takriban dola milioni 103. Kwa kipimo cha Afrika hiyo ilikuwa habari kubwa sana, na wengi wetu tuliipokea kama uthibitisho kwamba mtu anaweza kujenga kampuni ya elimu barani humu ikatambuliwa duniani. Lakini 2U ilizidi kukopa na kununua, ikiwemo edX kwa dola milioni 800 mwaka 2021, na Julai 2024 iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai ikaishia mikononi mwao. Pluralsight, kampuni ya Marekani ya kufundisha teknolojia mtandaoni, ilipita njia hiyohiyo: ilinunuliwa na mfuko wa Vista mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 3.5, na mwaka 2024 waliokuwa wameikopesha wakaichukua. Mwanzilishi anayeuza kampuni yake humchagua mnunuzi mmoja. Mnunuzi wa mnunuzi, au mdai wa mnunuzi, hamchagui.

Nairobi tuna kisa chetu, na nitakaa nacho kwa muda kwa sababu kina mafunzo kuliko vyote nilivyotaja. Si kisa cha kampuni kuuzwa nzima. Ni cha shirika kubadilika umiliki hatua kwa hatua, na kwa hilo kinatuonyesha vizuri zaidi.

Leila Janah alizaliwa Marekani kwa wazazi waliotoka India. Akiwa mshauri wa biashara mjini Mumbai, alikutana na kijana aliyekuwa akitoka mtaa wa Dharavi kila siku kwenda kufanya kazi kwenye kituo cha kupokea simu, na wazo likamwingia: kama kazi hiyo inaweza kumfikia mtu mmoja wa Dharavi, inaweza kuwafikia wengi. Mwaka 2008 alianzisha Samasource, shirika lisilo la faida, na Nairobi ikawa mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo. Vijana kutoka mitaa kama Kibera na Mathare walifundishwa kompyuta kwa muda mfupi, kisha wakapewa kazi. Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu ni hii: picha ya barabara inatokea kwenye kioo, na kijana anachora mstari kuzunguka kila kitu kilichomo. Hili gari. Huyu mtembea kwa miguu. Hii taa. Mstari ukipotoka kidogo, picha inarudishwa. Picha hizo ndizo zinazoifundisha kompyuta ya gari linalojiendesha kutambua dunia. Janah aliamini, na alilisema hadi mwisho, kwamba njia bora ya kupambana na umaskini ni kumpa mtu kazi, na mwaka 2017 alitoa kitabu chenye jina hilo, Give Work.

Tumaini hilo halikuachwa hivihivi bila kupimwa. Watafiti wa chuo cha MIT waliwafuatilia vijana wa Nairobi waliogawanywa kwa kura: baadhi walipewa mafunzo peke yake, na baadhi mafunzo pamoja na nafasi ya kuingia kazini. Faida iliyojitokeza wazi ilikuwa kwa waliopata vyote viwili. Kwa anayeifahamu Kibera, hilo halishangazi. Mtaa umejaa vyeti vilivyolaminishwa na kuwekwa chini ya godoro. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua mlango upande wa pili.

Lakini hapo ndipo pia ugumu ulipo. Kama mafunzo yana thamani pale tu yanapoambatana na kazi, basi anayeleta kazi ndiye anayeamua mafunzo yatakuwa nini. Na kazi ililetwa na wateja wa California. Kufikia 2019 Samasource ilikuwa imegeuzwa kampuni ya biashara, shirika la awali likiwa mwenyehisa mkubwa ndani yake, na mwishoni mwa mwaka huo ikakusanya dola milioni 14.8 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Ridge Ventures. Tarehe 24 Januari 2020, Janah alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 37. Wendy Gonzalez akashika uongozi. Novemba 2021 kampuni, ikijulikana sasa kama Sama, ilipata dola milioni 70 zaidi, mwekezaji mkuu akiwa mfuko wa pensheni wa Quebec, CDPQ.

Februari 2022 jarida la Time likachapisha uchunguzi juu ya vijana walioajiriwa Nairobi na Sama kuchuja maudhui ya Facebook: mauaji, mateso, unyanyasaji wa watoto, saa baada ya saa, wengine wakilipwa takriban dola 1.50 kwa saa. Daniel Motaung, aliyefanya kazi hiyo na kufutwa akijaribu kuunda chama cha wafanyakazi, alikwenda mahakamani mwaka huohuo. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi ya kuchuja maudhui, na wachujaji wapatao 260 wakapoteza ajira. Kuanzia Machi mwaka huo wachujaji waliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, pamoja na Sama na Majorel, kampuni iliyochukua kazi hiyo, na baadaye idadi yao ikapita 180. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilithibitisha kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini. Majorel nayo, ilipofika Novemba 2023, ilikuwa imenunuliwa na Teleperformance ya Ufaransa. Yaani katika miezi michache kijana aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni moja aliona kazi yake ikihamia ya pili, na ile ya pili ikamezwa na ya tatu.

Ni rahisi kusimulia kisa hiki kama cha mwanzilishi mwema aliyefariki na warithi wakaharibu. Ushahidi hauruhusu. Kandarasi ya Facebook ilianza mwaka 2019, Janah akiwa hai na akiwa kiongozi. Mwaka 2018, BBC ilipoandika kuhusu kijana wa Kibera aliyekuwa akifanya kazi hapo kwa takriban dola 9 kwa siku, Janah mwenyewe alieleza kwamba hawakutaka kulipa mishahara itakayovuruga soko la ajira la mahali. Gonzalez kwa upande wake, Agosti 2023, aliiambia BBC kwamba anajutia kuichukua kazi ya Facebook. Shinikizo lilikuwa katika muundo wenyewe: ili vijana wengi zaidi wapate kazi, lazima kandarasi zije, ili kandarasi zije, bei lazima ishindane, na kandarasi kubwa ikibisha hodi, kuikataa ni kuwaambia mamia ya vijana warudi mtaani. Mtu mwenye moyo safi kabisa akikaa kwenye kiti hicho atasikia hoja hiyo kila robo ya mwaka.

Ndiyo maana naona kuna jambo ambalo Samasource ililifanya vizuri na jambo ililokosa. Vizuri: kulibakiza shirika la awali na hisa. Hisa ni kitu ambacho mnunuzi hawezi kukipuuza. Ilichokosa ni kanuni iliyofungwa mapema juu ya kazi gani haitapokelewa, na mwakilishi wa wale wanaofanya kazi mahali ambapo uamuzi huo ungefanyika. Hisa husema nani anagawana faida. Hazimwambii mtu kwamba kijana hatakaa mbele ya kioo akitazama watu wakichinjwa kwa saa nane.

Mtu anaweza kuuliza: si tuna sheria? Tunayo, na inafaa kuijua ilivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inaitaka Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inapochunguza kampuni moja kununua nyingine, itazame pia athari kwa ajira. Na huifanya kazi hiyo. Mwaka 2025, iliporuhusu Access Bank ya Nigeria kuinunua National Bank of Kenya, iliweka sharti kwamba angalau asilimia 80 ya wafanyakazi wa benki hiyo wabakizwe kwa mwaka mmoja. Lakini mauzo ambayo thamani ya pande zote mbili kwa pamoja haifiki shilingi milioni 500 hayalazimiki kupelekwa kwake, na mauzo ya kampuni ndogo za mafunzo yanaweza kuwa chini ya hapo. Isitoshe, sharti humlinda mwajiriwa. Mwanafunzi si mwajiriwa wa kampuni ya mafunzo. Kozi yake ikifutwa siku tatu baada ya mauzo, hakuna kifungu kilichovunjwa.

Kwa hivyo tumaini la mwanzilishi, kama anataka liishi, lazima lifungwe na yeye mwenyewe, na lifungwe kabla ya mauzo, wakati bado ana kitu ambacho mnunuzi anakitaka. Baada ya saini, barua zake ni maombi.

Kitu cha kwanza ni masomo. Mwanzilishi anaweza kuyatoa masomo ya msingi, yale ya ujuzi wa kubebeka, kwa leseni huria kabla hajauza, ili yeyote wa Kibera aendelee kuyatumia hata kampuni ikifungwa. Mnunuzi atapunguza bei kidogo kwa ajili hiyo. Naona ni hasara inayostahili kubebwa, na mwanzilishi asiyekuwa tayari kuibeba anapaswa kuwa mnyoofu kuhusu ukubwa wa tumaini lake.

Cha pili ni cheti, na hapa nitasisitiza zaidi kwa sababu naona ndipo pana uzito. Kampuni nyingi za mafunzo hutoa beji zao wenyewe, zenye nembo yao. Nembo ikibadilika, beji inakuwa karatasi. Kijana wa Kawangware akimwonyesha mwajiri wa Industrial Area cheti cha kampuni ambayo haipo tena, atakuwa anaeleza historia badala ya kuonyesha ujuzi. Dawa ni kuyafunga masomo na vipimo vya kitaifa tangu mwanzo. NITA ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo mafundi wa jua kali wanaijua vyema kwa jina la grade test. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, inasimamia mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na serikali ilizindua sera yake mwaka 2024. Kampuni iliyomfikisha mwanafunzi wake kwenye mtihani wa NITA imempa kitu ambacho hakuna mnunuzi anayeweza kukifuta, maana mtoaji wake ni dola. Hata yule kijana wa randa wa Ngong Road anaweza kufika hapo kama kuna mtu wa kumsaidia kulipa ada ya mtihani na kumweleza maswali ya nadharia yanavyoulizwa. Ningependa kuona mwanzilishi mmoja tu akitenga sehemu ya pesa za mauzo kwa ajili ya ada hizo.

Bodi nayo ina nafasi yake. Kiti kimoja cha mwakilishi wa wanafunzi na wafanyakazi, kilichoandikwa kwenye katiba ya kampuni na ambacho hakiwezi kuondolewa bila ridhaa yao, si jambo geni. Wajerumani wamewapa wafanyakazi viti katika bodi za usimamizi kwa miongo mingi. Katika kisa cha Nairobi, mtu mmoja aliyewahi kukaa mbele ya kioo kile angeweza kueleza kazi ya kuchuja maudhui ina maana gani kabla mkataba haujapokelewa.

Na kuna rekodi. Dada wa Kibera aliyemaliza masomo 40 kwenye simu ana historia ya kujifunza inayoonyesha alianza wapi na amefika wapi, alama kwa alama. Historia hiyo inakaa kwenye kompyuta za kampuni, na kampuni ikiuzwa inauzwa nayo. Mnunuzi mwenye biashara ya kuajiri anaweza kuona ndani yake mali kubwa kuliko masomo yenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 38, inampa dada huyo haki ya kupewa data zake kwa namna inayosomeka na kuhamishika, na kuzipeleka kwingine, ndani ya siku 30 na kwa gharama isiyomlemea. Akikataliwa, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Mwanzilishi anayejiandaa kuuza hahitaji kungoja aombwe: anaweza kumtumia kila mwanafunzi nakala ya rekodi yake mapema, kwa lugha anayoielewa, ikiwa na majina ya masomo na vipimo vya NITA vinavyolingana nayo, ili siku mmiliki mpya anapofungua ofisi, rekodi hiyo iwe tayari imeshafika kwenye simu za Kibera na Kawangware.